Hadithi Tuipendayo Inapoingia Katika Televisheni

Iko furaha moja ambayo haiji peke yake, bali huja pamoja na hofu. Ni furaha ya mtu aliyeipenda hadithi tangu utoto, kisha asikia kwamba hadithi ile itachezwa katika televisheni. Kwanza hushangilia: "Sasa watu wote wataiona!" Mara moyo wake husita: "Lakini je, hawataiharibu?" Basi tuulize leo: hofu hiyo ni ya haki? Na mtu aipendaye hadithi ana haki gani juu ya wale wanaotaka kuisimulia upya?

Tusidhani ya kuwa swali hili ni la watu wasio na kazi. Kabla hatujajua kusoma, hadithi ndizo zilizotufundisha kuchukia hila na kumhurumia yatima. Mtu anayeigusa hadithi yetu hugusa kitu kilichotulea.

Tuchukue mfano wa Katanga yetu. Familia nyingi za Lubumbashi zilitoka Kabongo, Kamina, Bukama au Malemba-Nkulu, wazee wao walipokuja kufanya kazi katika machimbo ya shaba. Walikuja na mzigo mdogo wa vyombo, na pamoja nao habari ya mwanzo wa ufalme wa Baluba. Nkongolo Mwamba, ambaye jina lake ni jina la upinde wa mvua, alikuwa mfalme mwenye nguvu na ukali. Akatokea mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu ya kifalme, asiyekula mbele za watu. Nkongolo alikula na kucheka mbele ya wote bila haya. Mbidi akaoa kwa Nkongolo, akamwoa dada yake, kisha akarudi kwao. Mtoto akazaliwa, ndiye Kalala Ilunga. Alipokuwa shujaa, mjomba wake alimwonea wivu. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje kucheza juu yake. Lakini mpiga ngoma alimwonya kijana kwa mlio wa ngoma. Kalala Ilunga akaponyoka, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akashindwa.

Tuseme kesho kituo kimoja cha televisheni kinatangaza kwamba kitaicheza habari hii. Katika Kenya, Katuba na Kamalondo watu watatumaini nini?

Watatumaini mema, nayo si madogo. Watoto wetu wengi wanajua visa vya michezo inayotoka nchi za mbali, wala hawajui mpiga ngoma yule alikuwa nani. Bibi aliyesimulia usiku amekwisha kufa, au yuko kijijini, na mtoto yuko mjini mbele ya kioo. Ikiwa hadithi ya mababu itaingia katika kioo kile, mtoto atajua kwamba hata kwao walikuwako watu wenye hekima, vita, makosa na adabu. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda televisheni ndiyo mgeni huyo.

Lakini wataogopa pia, na hofu yao ina sababu tatu.

Kwanza, sura moja huua sura nyingi. Tunaposikia hadithi kwa masikio, kila mmoja hujichorea Kalala Ilunga wake moyoni. Mchezaji mmoja akiisha kuonekana katika kioo, uso wake hukaa palepale, na zile sura nyingine hufifia.

Pili, biashara. Hadithi ya saa moja ya usiku itavutwa iwe ya miezi. Wataongeza mapenzi yasiyokuwamo na damu isiyohitajiwa, ili watazamaji wasiondoke. Nkongolo atapakwa rangi awe mnyama tu, naye katika hadithi ni mtu, ndiyo maana anatufundisha.

Tatu, jirani. Hii ndiyo hofu iliyo nzito kuliko zote. Sisi wa Katanga hatukusahau miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi wakalala katika vituo vya treni wakingoja kuondoka. Hata Baluba wa Kasai husimulia kwamba asili yao ni upande huu wa Katanga. Habari ile ile yaweza kuchezwa hivi kwamba watu waseme, "Kumbe sisi ni ndugu", au hivi kwamba kijana aseme, "Kumbe wale walikuwa adui zetu tangu zamani." Tofauti yaweza kuwa ndogo: ni nani amevikwa nguo gani, ni nani amepewa maneno ya kijinga. Kwa hiyo mtu anayeogopa si mpumbavu. Anajua nguvu ya hadithi.

Hata hivyo, hofu yenyewe yaweza kupotea njia. Mara nyingi tunasema "Wameiharibu hadithi", na maana yetu ni hii tu: "Hawakuisimulia kama nilivyoisikia mimi." Lakini habari ya Nkongolo haikuwa na kinywa kimoja. Wazee wa chama cha Mbudye waliokuwa na lukasa, ule ubao wenye shanga za ukumbusho, waliisoma kwa namna mbalimbali, kwa kadiri ya nafasi na ya wasikilizaji. Na sisi Wakristu yatupasa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kanisa halikutuachia habari moja ya maisha ya Bwana wetu, lilituachia Injili nne. Mateo ataja mamajusi, Luka ataja wachungaji, wala hakuna aliyesema mmoja wao ameiharibu Krismasi. Lakini Kanisa halikupokea kila kitabu kilichoandikwa juu ya Yezu. Liliuliza: je, hiki kimeshika ukweli tuliopokea kwa Mitume? Basi iko nafasi ya kusimulia kwa namna nyingi, na uko mpaka.

Mpaka huo tutaujuaje? Mtakatifu Luka atusaidia. Mwanzoni mwa Injili yake asema kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake, na ya kuwa yeye amechunguza yote kwa uangalifu, akifuata habari za wale walioona kwa macho. Huo ndio wajibu wa kwanza wa msimulizi: aulize kabla ya kusema.

Lubumbashi imepata kuona mfano wake. Odilon Kyembe Kaswili, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Mufwankolo, na kundi lake walicheza michezo kwa Kiswahili cha mji wetu katika redio, kisha katika televisheni. Mwaka 1986, pamoja na mtaalamu Johannes Fabian, walishika usemi mmoja kwamba utawala huliwa mzima, wakaufanya mchezo. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Kwanza waliketi wakabishana: usemi huu maana yake nini? Hawa walisema hivi, wale walisema vile. Kisha mchezo ulipigwa picha kwa televisheni katika kijiji cha Kawama, na wanakijiji wenyewe wakiwamo. Nchi ilikuwa chini ya Rais Mobutu, na usemi juu ya utawala haukuwa wa mzaha. Waliuheshimu kwa kuuliza maana yake kwanza.

Na wajibu wa mpenzi wa hadithi ni upi? Ni kutohukumu kabla ya kuona. Mwaka 1977 Franco Zeffirelli wa Italia alitoa katika televisheni sinema yake ndefu juu ya Yezu wa Nazareti. Huko Marekani Wakristu wengi walilalamika hata kabla ya kuiona, kwa kuwa Zeffirelli alikuwa amesema atamwonyesha Yezu kama mtu wa kawaida. Kampuni ya General Motors iliyokuwa imetoa fedha ikajitoa. Ilipoonyeshwa, watu wengi sana waliipokea kwa machozi na sala, na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliisifu. Waliolalamika walimpenda Yezu, hatuna shaka. Lakini upendo haumpi mtu ruhusa ya kumshitaki jirani kwa kosa ambalo hajalitenda.

Tukiri pia ya kuwa hofu ya kwanza haikwisha. Wako watu ambao hata leo wakifumba macho kusali huona uso wa Robert Powell, Mwingereza aliyecheza sehemu ile. Je, kosa ni la sinema? Tunadhani sivyo. Mtu aliyesoma Injili kila siku huitazama sinema kama mfano mmoja kati ya mingine. Lakini mtu asiyeisoma hana cha kulinganisha, na kioo humpa sura ya kwanza na ya mwisho.

Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, alisema kwamba vyombo hivi ni zawadi za Mungu, ingawa vimetoka katika akili na kazi ya watu. Zawadi hupokewa kwa shukrani na kwa akili. Basi tuwaombe wenye kupiga picha: ongezeni nguo, punguzeni maneno, lakini msiuze moyo wa hadithi, wala msiifanye fimbo ya kumpigia jirani. Wakikosa, tuwaambie wazi, baada ya kutazama.

Na sisi wazazi, tusiwaachie kazi yetu. Habari ya Nkongolo ililindwa na watu walioisimulia usiku baada ya usiku, siyo na watu walioificha. Tukitaka watoto wetu wajue kama televisheni imesema kweli, wawe wameisikia kwanza kinywani mwetu. Jioni moja tuzime kioo, tuwaeleze ya shimo, ya mkeka na ya ngoma. Kisha siku sinema itakapokuja, tutaitazama pamoja nao bila woga, na mtoto mwenyewe atasema: "Baba, hapa hawakusema kama ulivyotuambia. Kwa nini?" Hapo ndipo mazungumzo yataanza.