Taa Chini ya Pishi

Somo: Mathayo 5:14–16



Pishi ni vibaba vinne, chombo cha kupimia nafaka. Bwana alipotaja kitu kinachoweza kufunika taa, alitaja chombo cha nyumba ya mkulima. Wiki hii nimeliwaza pishi hilo nikipita kwenye mashamba yetu ya viazi.

Ugonjwa unaoyasumbua, mnyauko bakteria, hauna dawa ya kupuliza. Shina huonekana zima asubuhi; jua likiwaka, limelala. Kuutambua kunahitaji bilauri tu: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ugonjwa umo.

Watafiti wa viazi waliofanya kazi na wakulima wadogo wa Kenya walifundisha jambo jingine jepesi. Viazi vikiwa kwenye maua, chomeka kijiti penye kila shina lenye afya. Mashina hayo yavune peke yake. Ndiyo mbegu ya msimu ujao. Kijiti hakinunuliwi.

Sisi tunafanyaje? Vikubwa tunavifunga lumbesa, vya kati tunakula, vidogo tunavirudisha ardhini. Kumbe mara nyingi kiazi ni kidogo kwa sababu shina lake liliugua. Tunapanda ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Simlaumu mama anayedaiwa ada ya shule. Watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, hapo Mbeya, wana aina bora za viazi, lakini mbegu safi ina bei, naye hana fedha. Ujuzi wa kijiti haujamfikia kwa sababu hakuna aliyempelekea. Wewe uliyehudhuria semina ukarudi na daftari, likalala kabatini, kabati hilo ndilo pishi. Nami sijitoi: kila msimu nimebariki mbegu madhabahuni, sijawahi kuuliza zimetoka kwenye shina gani.

Basi tuanze. Msimu huu viazi vikitoa maua, kila jumuiya ichague shamba la mjane mmoja, twende Jumamosi asubuhi, aliyejifunza amwonyeshe asiyejua. Afisa ugani tumwalike, asiachwe peke yake na vijiji vyote. Sala tutaifanyia hapohapo kwenye matuta.

Njoo na vijiti vyako ishirini.