Saa ya Mume na Mke

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Entarara na wa Kajiado yote, mara nyingi katika karatasi hii tumeeleza habari za mahari, na nafaqa, na eda, na talaka. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ni la dini hata kidogo, nalo ni furaha ndogo ndogo za vijana waliooana: kula sahani moja, kutembea pamoja baada ya alasiri, kuzungumza, kucheka, na kuwa na marafiki wanaoingia nyumbani kwa heri. Wako watakaosema, "Sheikh leo amekosa la kusomesha." Twawaomba wasome kwanza, kisha wahukumu.

Vijana wetu wengi hawakai tena walipozaliwa wazee wao. Aliyetoka Lamu, na aliyetoka Garissa, na aliyetoka Isiolo, na Mmaasai aliyesilimu juzi, wote hukutana Kitengela katika nyumba za kupanga, kwa kuwa kodi ya huko ni nafuu kuliko ya mjini. Mume huamka kabla ya alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi. Mwendo wenyewe ni kilomita thelathini tu au kama hizo, lakini magari husongamana njiani hata ukadhani ni safari ya Mombasa. Hurudi baada ya isha, hula akiwa na simu mkononi, hulala. Ikifika siku ya mapumziko, huenda kwa wenziwe kutazama mpira na kutafuna miraa mpaka usiku. Mkewe naye yu ndani ya kuta nne, mbali na mamake na dada zake, hana wa kusema naye ila simu kama ya mumewe. Hapana ugomvi katika nyumba hiyo. Hapana kitu chochote.

Aliletwa kwetu binti mmoja, ndoa yake haijatimiza mwaka, ataka kuachwa. Wazee wakamwuliza, "Akupiga?" Akasema hapana. "Akunyima chakula?" Hapana. "Hakuvishi?" Anivisha. "Basi mwanangu, una nini?" Akasema, "Hatuzungumzi." Wazee wakacheka, na mmoja akasema kwamba tangu azaliwe hajasikia talaka ya mazungumzo. Mimi sikucheka, wala sikuona kuwa binti yule ni mpumbavu. Nilimwona ametaja kwa neno moja kile ambacho ndoa iliwekwa kwa ajili yake. Hatimaye waliachana, na hata leo wazee wale wakiulizwa sababu husema, "Hapakuwa na sababu."

Tazameni katika Sura ya Rum, aya ya 21. Aya iliyo kabla yake yataja kuumbwa kwa mwanadamu kutokana na udongo, na iliyo baada yake yataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na kukhitilafiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Katikati ya ishara hizo kubwa Mwenyezi Mungu ameiweka ishara ya mume na mke. Na alipotaja faida ya ndoa hakutaja hapo chakula, wala nguo, wala nyumba. Ametaja utulivu wa nafsi, na mapenzi, na huruma. Chakula na nguo ni wajibu, hapana shaka, na asiyetoa hushitakiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa makadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka na mirathi za Waislamu, na mke anaweza kwenda kudai nafaqa yake. Lakini kadhi hana mizani ya kupimia kicheko. Hawezi kuandika hukumu kwamba fulani azungumze na mkewe nusu saa kila usiku. Haki hii Mwenyezi Mungu ameiacha katika dhamana ya mtu mwenyewe, na kwa hivyo ndiyo iliyo nyepesi kuliwa.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwaje nyumbani kwake? Imepokewa kwamba katika safari moja aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, na Bibi Aisha akamshinda. Siku zikapita, Bibi Aisha akanenepa, wakashindana tena katika safari nyingine, mara hiyo Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Fikirini hayo. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba mzigo wa umma mzima, na bado ameiweka moyoni hesabu ya mbio za mkewe! Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya Wahabeshi waliokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi. Mtume akasimama kumsitiri Bibi Aisha ili atazame, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. Wangapi katika sisi waweza kusimama dukani dakika tano mke akichagua kanga bila ya kuguna?

Tena iko hadithi ndefu ya Ummu Zar'i. Bibi Aisha alimhadithia Mtume habari za wanawake kumi na mmoja waliokaa kitako wakaahidiana kutoficha lolote katika khabari za waume zao. Huyu asema mumewe ni hivi, na huyu asema ni vile. Ni maneno mengi, mwenye haraka hayawezi. Mtume alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akajibu kwa neno linaloonyesha kuwa hakuna lililompita, kwani alijifananisha kwake na mume mwema wa mwisho katika wale. Twajua hilo kwa sababu alisikiliza. Lau angekuwa amegeuza uso kwa shughuli nyingine, hadithi ile isingetufikia kama ilivyotufikia.

Najua jibu la kijana. Atasema, "Sheikh, maisha yamepanda, kodi, unga, nauli, furaha ni ya wenye mali." Nasi twamwambia, nyumba ile iliyokuwa na mbio na vicheko ndiyo ile ile ambayo Bibi Aisha amesema ilikuwa ikipitiwa na miandamo mitatu ya miezi bila ya kuwashwa moto, chakula chao tende na maji tu. Umasikini haukuwafunga midomo. Na sisi wa Kajiado tumeyaona kwa macho yetu katika ukame wa mwaka 2020 hata 2023, ng'ombe walipokufa mbugani na mizoga ikakauka kando ya njia. Nyumba zilizosimama hazikuwa zile zilizobakiwa na ng'ombe wengi. Nilimjua mzee aliyebakiwa na mbuzi wawili, na kila jioni yeye na mkewe walikaa nje mlangoni wakinywa chai ya mkandaa, wakitazama mlima Kilimanjaro mawingu yakiondoka, wakibishana kama mvua ya mwaka fulani ilikuja kabla ya Ramadhani au baada yake. Ubishi ule haukuisha, nao hawakutaka uishe.

Sasa tuje kwenye marafiki, kwani hapa ndipo penye fitina na ndipo penye dawa.

Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya Salman na Abu Dardai. Salman akamzuru nduguye, akamwona mkewe, Ummu Dardai, amevaa nguo za kazi zilizochakaa, hana pambo. Akamwuliza ana nini. Akajibu kuwa nduguyo Abu Dardai hana haja na dunia. Maana yake ni wazi, naye alilisema kwa adabu. Abu Dardai akaja, akaandaa chakula, akasema yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale, akala. Usiku Abu Dardai akataka kusimama kusali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akamwambia lala. Ulipofika mwisho wa usiku akamwambia sasa amka, wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ikafika kwa Mtume, naye akasema Salman amesema kweli. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Angalieni rafiki huyu. Aliingia kama mgeni, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba katika nyumba ya nduguye mna mke aliyesahauliwa. Hakunyamaza kwa kusema, "Ya nyumba ya mtu hayanihusu." Wala Abu Dardai hakuwa mlevi wala mpotevu, ibada ndiyo iliyomchukua. Ikiwa mtu aliyeibiwa mkewe na sala na saumu aliambiwa arudi, je, aliyeibiwa na mpira na miraa? Rafiki zako wa barazani, ewe kijana, yuko hata mmoja aliyewahi kukuambia saa tatu za usiku, "Inuka sasa, mkeo anakungoja"? Kama yuko, mshike sana. Wengine wote hukuambia, "Kaa, bado mapema."

Na mke je, hana haki ya marafiki? Wako waume wanaodhani kuwa mke mwema ni yule asiyejuana na jirani. Huko kwetu mwambao binti huyo alizungukwa na mama, na shangazi, na mashoga zake wa utotoni; ukamtoa kwao, ukamleta mahali asipomjua mtu, kisha ukamkataza hata kuomba chumvi mlango wa pili. Je, hiyo ni ghera au ni kifungo?

Someni katika Bukhari habari ya Asmaa binti Abubakar. Aliolewa na Zubeir, naye hana mali ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Asmaa alikuwa mgeni Madina, amehama kutoka Makka. Akamlisha farasi, akateka maji, akakanda unga, akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali. Na amesema mwenyewe kuwa kuoka mkate hakujui vizuri! Nani aliyemwokea? Majirani zake, wanawake wa Kiansari, naye amewasifu kuwa walikuwa wanawake wa kweli. Hawakuwa jamaa zake, wala hawakuwa wa mji wake. Na Zubeir alikuwa mtu mwenye wivu sana, kama Asmaa alivyoeleza mwenyewe. Pamoja na hayo hatukusoma kuwa aliwafukuza wale majirani. Siku moja Asmaa alikutana njiani na Mtume, akampigia magoti ngamia wake ili ampande, Asmaa akaona haya akaukumbuka wivu wa mumewe. Alipomweleza Zubeir, alisema kuwa kumwona amebeba zile kokwa kichwani ndiko kulikomwumiza zaidi. Neno hilo la huruma lilitoka kwa mtu mwenye wivu, na mwenye wivu wa leo alitie moyoni. Baadaye Abubakar akampelekea binti yake mtumishi wa kumwangalia farasi, akasema ni kama amemwacha huru.

Basi kama jirani yako wa Kitengela ni mama wa Kikamba au wa Kimaasai asiyekuwa Mwislamu, naye ndiye aliyemwonyesha mkeo soko na zahanati, na kumkalia mtoto alipougua, hapana ubaya; Sura ya Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Na Mtume baada ya kufa Bibi Khadija alikuwa akichinja mbuzi, akampelekea nyama kila aliyekuwa rafiki wa Khadija, mpaka Bibi Aisha akaona wivu. Aliwatunza marafiki wa mkewe hata baada ya mke kuondoka duniani. Wako kati yetu wasioyajua hata majina ya marafiki wa wake zao.

Sharti lipo, na ni fupi: siri ya chumbani haitoki nje, si kwa mume barazani, wala kwa mke kwa mashoga, wala katika simu. Imekuja hadithi kali juu ya jambo hilo katika Muslim, na aitakaye aje darsani tumsomee.

Wametuuliza vijana wawili kama inajuzu mume kuosha vyombo na kufua nguo zake, kwani wenzao huwacheka. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mwake, na ukifika wakati wa sala akatoka kwenda kusali. Imepokewa pia kuwa alishona nguo yake na kuraki kiatu chake mwenyewe. Wanaocheka tuwaulize wamcheka nani.

Na tangu mwezi huu darsa ya Jumamosi itamalizika kabla ya alasiri badala ya baada yake. Wanafunzi wenye wake wasibaki msikitini kujadiliana nasi mpaka magharibi, waende nyumbani. Khabari za wakwe na mawifi tutazieleza katika toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi taufiq.