Panga Kurudi Kabla Hujaenda

Wajukuu zangu wa Muthangari, mtu aliyeongoza msafara wa kwanza kulivuka bara la Antaktika kutoka pwani hadi pwani alikuwa amepitia kwetu robo karne kabla ya safari hiyo. Aliitwa Vivian Fuchs, Mwingereza, mtaalamu wa miamba. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1930 na msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliokuwa ukichunguza maziwa yetu, na mwaka 1931 akafuatana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, hapo jirani tu, hadi Olduvai.

Ninawasimulia habari zake kwa sababu ninawaona mkitoka wikendi na mikoba mgongoni, mkielekea Longonot na Elephant Hill, na wengine wenu mnatafuta viza za nchi za mbali. Nendeni. Sitamzuia kijana anayetaka kuona dunia, na mzazi anayemfungia mwanawe ndani kwa kuogopa njia anamdhulumu. Lakini lipo jambo ambalo wengi wenu hamlipangi, nalo ni kurudi.

Mwaka 1934 Fuchs alikuja tena Kenya, safari hii yeye mwenyewe akiwa kiongozi, kulichunguza Ziwa Turkana, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwishoni mwa Julai wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Moto waliouwasha kisiwani kama ishara ulionekana kutoka ng'ambo. Baada ya hapo kimya. Walitafutwa hata kwa ndege, wasionekane. Vitu vyao vichache tu ndivyo vilivyookotwa baadaye ufuoni.

Mkitaka kuelewa lile ziwa, eleweni kwanza upepo wake. Unateremka pande za Mlima Kulal kwa nguvu ambayo mtu wa Nairobi haijui, na unaweza kuvuma usiku kucha hadi asubuhi imekomaa. Ni upepo huohuo ambao leo unazungusha mitambo 365 karibu na Loiyangalani, megawati 310, na umeme wake unasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa na kuingia katika gridi inayowasha taa zetu hapa. Waelmolo, wanaovua samaki katika maji yale kwa vyelezo vya magogo ya mikoma, wameishi na upepo huo vizazi na vizazi. Kuvuka kwenda kisiwani siku ya utulivu kunawezekana. Kurudi ni shauri jingine, maana njia ni hayohayo maji, na upepo haujui kwamba mmeahidi kurejea siku fulani.

Sisemi vijana wale walikuwa wazembe. Waliotafuta hawakupata mtu wa kuwaeleza kilichotokea, na marehemu hatumsingizii. Ninachosema ni kwamba kiongozi wao alirudi Uingereza akiwa na watu wawili pungufu, na mzigo kama huo mtu hautui.

Sasa mtazameni mtu huyohuyo katika Antaktika. Kabla yeye hajaanza kuvuka, watu wanane walitangulia kuandaa kambi. Mwaka 1956 dhoruba ilivunja barafu ya ufuoni ikachukua sehemu kubwa ya shehena yao, wakapitisha majira ya baridi wakijihifadhi ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limefungiwa gari la theluji. Upande wa pili wa bara, Edmund Hillary, yule wa Everest, alipewa kazi isiyo na sifa nyingi: kuweka bohari za chakula na mafuta njiani, ili Fuchs atakapopita Ncha ya Kusini akute akiba inayomsubiri. Yaani nusu ya pili ya safari ilikuwa imeshapangwa kabla nusu ya kwanza haijatembewa.

Fuchs aliondoka tarehe 24 Novemba 1957. Magari yake yalining'inia mara kwa mara kwenye nyufa za barafu ambazo theluji ilikuwa imezifunika, yakavutwa, yakatengenezwa, yakaendelea. Alichelewa sana. Hillary alifika Ncha ya Kusini mapema Januari na trekta zake za shambani, akamshauri Fuchs akifika pale asimamishe safari, aimalizie mwaka unaofuata. Fuchs alikataa. Tarehe 2 Machi 1958, siku ya 99, watu wote 12 wa msafara wake waliingia kambi ya Scott Base, upande wa pili wa bara, wakiwa hai, baada ya zaidi ya kilomita 3,400.

Kuna atakayeniambia, babu, huyu si ndiye aliyeshauriwa asimame akaendelea? Ndiyo. Na Ernest Shackleton je, aliyegeuka tarehe 9 Januari 1909 akiwa amebakiza kilomita 180 hivi tu kufika Ncha, akawarudisha wenzake watatu salama? Mimi nawaona wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja alihesabu chakula, mafuta na siku zilizobaki. Hakuna aliyehesabu watu watasema nini. Aibu ni mshauri mbaya kuliko baridi.

Wapo pia ambao hawakurudi. Robert Scott alifika Ncha tarehe 17 Januari 1912, mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya Mnorwe Roald Amundsen. Yeye na wenzake wanne walikufa wakirudi. Kambi yao ya mwisho ilikuwa kama kilomita 18 tu kutoka bohari yao kubwa. Na bohari hiyo, mwaka uliotangulia, iliwekwa zaidi ya kilomita 50 nyuma ya mahali palipokusudiwa, kwa kuwa farasi walikuwa wamechoka. Someni tena hapo polepole. Uamuzi wa siku moja ya uchovu, uliofanywa mwaka mzima kabla, ulikuwa unawangoja kwenye njia ya kurudi.

Kwa hiyo mnapopanga kwenda Mlima Kenya, msiniambie tu saa mtakayofika Point Lenana. Niambieni saa mtakayogeuka, mfike msifike. Mwenye kuongoza kundi asiwe yule mwenye mbio. Awe yule anayejua nani nyuma amenyamaza ghafla. Mkiajiri mwenyeji wa kuwaonyesha njia, naye akasema leo hali ya hewa haifai, msimpandie sauti kwa sababu mmelipa. Na wewe unayekwenda ng'ambo kufanya kazi, weka nauli ya kurudi mahali ambapo mwajiri hafiki, na nakala ya pasipoti yako ibaki kwa mama yako. Hiyo ndiyo bohari yako.

Andikeni kwenye karatasi njia mtakayopita, simu ya kiongozi na siku mtakayorejea, mniachie mimi au mzee yeyote hapa mtaani. Siku hiyo ikipita bila kuwasikia, tutajua pa kuanzia kuwatafuta.