Tahadhari 27



Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, jinsi Paulo alivyowaonya wenye merikebu pale Bandari Nzuri wasiendelee na safari. Akida alimsadiki nahodha kuliko mfungwa. Hali ya hewa ilionekana njema, wakang'oa nanga.

Jambo kama hilo liliwapata jirani zetu wa Kenya. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, yenye injini mbili, iliruka kutoka Nairobi kwenda Mogadishu na shehena ya miraa. Mara ikaanguka juu ya jengo huko Utawala. Watu wote 4 waliokuwamo walifariki. Wachunguzi walieleza kwamba safari ilianzwa na hitilafu iliyokwisha kujulikana, wala kuruka hakukusitishwa hata baada ya tahadhari 27.

Hatuwahukumu marehemu. Bwana wetu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, hakusema walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwaita waliomsikiliza watubu.

Huenda mtu akauliza: Je, injini ya pili haitoshi? Yaweza kutosha, lakini kwa shida. Injini nzima huvuta upande wake, propela ya ile mbovu huburuta, na pua ya ndege hugeukia kwenye ubovu. Kwa hiyo marubani hufundishwa kwamba upo mwendo wa kuamua. Kabla ya kuufikia, ukiona kasoro, shika breki. Ukiisha kuupita, uwanja uliobaki hautoshi kusimama.

Hapa Igurwa wengi wetu hatupandi ndege, lakini nasi tuna injini mbili: Jumapili kanisani, na siku sita nyumbani na shambani. Ile ya Jumapili ikinguruma vizuri twajiona salama. Kumbe fedha ya kahawa imeishia kilabuni, daftari za watoto hazijanunuliwa, na ndugu wawili hawaamkiani kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba. Mke amesema, mwalimu ameita, kasisi amefika nyumbani. Hizo zote ni kengele.

Tena tusimdharau mwonyaji kwa udogo wake. Utingo akisema breki zimelegea kabla ya mteremko, dereva asimwambie nyamaza, wala abiria wasione haya kushuka.

Merikebu ya Paulo ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani ya Melita salama, maana mwishowe walimsikia yule mfungwa. Basi asiyesikia jana na asikie leo, maadamu uwanja ungalipo mbele yake.

Bwana atupe masikio ya kusikia kengele ya kwanza, tusingoje ya 27. Amina.