Miguu Ikiwa Bado Myepesi

Kijana wa Itumbe, najua unavyoamka. Kabla jua halijachomoza uko kwenye majani chai, kikapu mgongoni, suruali imelowa umande hadi magotini. Jioni, chai ikishapimwa kituoni, unafunga kamba za viatu ambavyo fundi ameshavishona mara tatu, unakimbilia uwanjani.

Najua pia unavyoambiwa: mchezo hauna kesho, mchezaji hudumu miaka michache akasahaulika. Kwamba ni michache, kweli. Lakini ufupi umekuwa aibu tangu lini? Naftali Temu, mwana wa Gusii kwenu, alikimbia mita 10,000 kule Mexico City mwaka 1968 kwa dakika 29 na ushei. Nusu saa haikutimia, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Sasa mtazame Edward Rombo. Alikuwa winga wa Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akaichezea Kenya pia. Enzi hizo raga ya wachezaji 15 ilikataza malipo, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1995. Aliyetaka kulipwa alihamia raga ya wachezaji 13. Rombo akaenda Leeds, Uingereza, akacheza kwa mshahara. Miaka ya winga haingoji mtu: goti likikataa, basi. Leo ni wakili.

Wala hakushuka daraja! Winga husimama pembeni kabisa, karibu na mstari, akiusoma mchezo wote kabla mpira haujamfikia. Wakili naye hulisoma jalada zima kabla hajafungua kinywa mbele ya hakimu. Jicho ni lile lile, na wewe unalinoa kila jioni pasipo kujua.

Njia ya kufika huko ni hii: shahada ya sheria inataka B ya Kiingereza au Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Umesikia? Kiswahili, hiki hiki tunachozungumza! Shahada ni miaka minne. Kisha unaingia Kenya School of Law kule Karen, unakaa miezi sita chini ya wakili mzoefu, unafaulu mitihani, halafu unaapa mbele ya Jaji Mkuu. Safari ndefu, ndiyo, ila unayeianza ukiwa na pumzi za uwanjani umeshazoea kuumia bila kuacha.

Jumamosi kuna mechi. Nenda, cheza kwa nguvu zako zote. Lakini leo ni Jumanne. Kitabu chako cha fasihi kiko wapi?