Ziada Nayo Ina Mwenyewe

Vijana wa Eastlands, Nairobi, wanaoomba nafasi ya uanagenzi katika benki kubwa huniuliza watajifunza nini huko. Wanatarajia niwatajie uchambuzi wa mikopo, hisa, hatifungani za serikali na programu za kompyuta. Hayo yote yapo, na kijana mwenye bidii atayashika. Lakini somo lililonikaa mimi, ambalo hata leo napimia mwenendo wangu na wa viongozi wetu, nililipata kwenye dirisha la keshia, saa ya kufunga hesabu, katika tawi la benki lililohudumia wafanyabiashara wa soko la Gikomba.

Pesa za Gikomba zina historia kabla hazijafika benki. Soko lile, lililobanwa kati ya Pumwani, Shauri Moyo na Mto Nairobi, huamka kukiwa bado giza. Marobota ya mitumba hukatwa kamba huku wanunuzi wakigombea kamera, yaani nguo za daraja la kwanza. Wasio na mtaji hungoja fagia, yale mabaki ya mwisho, wayafue, wayapige pasi na kuyauza Muthurwa au mitaani. Upande wa pili samaki wa ziwani wanapakuliwa, na mafundi wa mbao wanapiga randa. Benki inapofungua milango, noti moja imeshapita kwa mwenye robota, kwa mkokoteni, kwa mama wa chai na chapati, kwa mwenye kibanda. Inamfikia keshia imekunjwa vipande vinne, na pengine inanukia samaki.

Mwanagenzi huanza kwa kuketi kando ya keshia na kutazama. Anaona kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua chumba cha hazina peke yake: huyu ana ufunguo, yule ana namba za siri, na lazima wasimame pale wote wawili. Anaona kwamba malipo makubwa hayatoki bila mtu wa pili kuyaidhinisha. Mgeni hudhani hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi niliyekulia kwenye vyama vya akina mama sikushangaa, kwa sababu vyama vingi vya akiba huweka kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Utaratibu huo humlinda mwaminifu. Siku pesa zikipotea, hakuna atakayemnyooshea kidole mama mmoja na kumharibia jina alilolijenga maisha yake yote.

Jioni dirisha hufungwa, keshia huhesabu droo yake na kulinganisha na kilichorekodiwa. Droo ikipungua, kila mtu anaelewa kwamba pana tatizo, na keshia huyo atakuwa na usiku mrefu. Jioni moja droo ya keshia niliyekaa naye ilizidi. Ilizidi shilingi elfu moja. Wako watu ambao wangeona hiyo ni baraka, au angalau si jambo la kuwaweka kazini wakati matatu za kwenda nyumbani zimeanza kupandisha nauli. Msimamizi wetu, mama mtulivu asiyependa maneno mengi, alivua koti lake akaketi. “Ziada nayo ina mwenyewe,” alisema. “Tumtafute.”

Tukapitia hati za kuwekea pesa, moja baada ya nyingine, mpaka tukaipata. Mzee mmoja anayeuza mashuka na mapazia alikuwa ameorodhesha noti zake sawasawa, lakini jumla aliyoandika chini ilipungua elfu moja, na jumla hiyo ndiyo iliyoingizwa katika akaunti yake. Alipigiwa simu. Kesho yake alifika dirishani, akasimama kidogo kama mtu anayetafuta la kusema. “Hata mngenyamaza, singejua,” alimwambia msimamizi. Naye akamjibu, “Sisi tungejua, mzee.”

Benki ina kanuni kwamba ziada ni kosa sawa na upungufu. Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuiishi: pesa haizai yenyewe ndani ya droo. Ikizidi hapa, imepungua mahali fulani, na aliyepungukiwa pengine hajui. Huenda ni mama ambaye kesho atanunua robota dogo kuliko alilokusudia, akidhani biashara yake ndiyo mbaya. Katika maisha yetu ya kila siku tumezoea kuuliza swali upande mmoja tu. Tukipungukiwa tunapiga kelele mtaa mzima, na haki yetu ni kupiga kelele. Tukizidishiwa tunasema Mungu si Athumani, tunaendelea na safari.

Yatazame matatizo makubwa yaliyozikumba benki zetu, uone kama yalitoka kwa mfanyabiashara wa Gikomba asiye na hati ya mshahara. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015 kukiwa na madai ya ulaghai mkubwa uliofanyika ndani kwa ndani. Chase Bank ilifuata Aprili 2016, baada ya hesabu zilizotolewa upya kuonyesha kwamba mikopo waliyopewa watu wa ndani ilikuwa mikubwa mno kuliko ilivyoripotiwa kwanza. Wenye akiba walipanga foleni mbele ya milango iliyofungwa. Waliojua hesabu walikuwa wamesoma kuliko mimi na wewe. Elimu ya fedha hawakuikosa. Walichokosa ni ile hofu njema ya mtu anayeona shilingi isiyo yake mkononi mwake na kushindwa kulala.

Hofu hiyo inafundishika, na ndiyo maana naujali uanagenzi kuliko shahada. Darasani pesa ni tarakimu ubaoni. Dirishani ina uso. Baada ya moto uliozuka Gikomba alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018, ulioua watu 15 na kuteketeza vibanda na mali, mtu aliyefanya kazi katika matawi ya karibu na soko alielewa maana ya dhamana kuliko ambavyo vitabu vyote vingemweleza. Marobota yaliyosimamia mikopo yalikuwa majivu. Mikopo ilibaki. Na bado Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi, lilijengwa tena kwa mabati na mbao, na watu wakarudi kuuza ili wapate kulipa walichodaiwa. Afisa wa mikopo aliyewahi kutembea katika vichochoro hivyo hatamwita mtu wa namna hiyo mdaiwa mbaya kwa kutazama kompyuta tu.

Kuna wakati benki kubwa ziliona pesa ndogo kama usumbufu. Katika miaka ya 1990 baadhi zilifunga matawi na kupandisha kiwango cha chini cha akiba, na wanyonge wakaondoka. Equity, iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, kama chama cha kuweka akiba na kukopesha kwa ujenzi wa nyumba, ilikuwa hoi kufikia 1993. Iliponyanyuka ilinyanyuka kwa wateja hao hao waliofukuzwa kwingine. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Shilingi za wakulima na wachuuzi ndizo zilizojenga moja ya benki kubwa kabisa za Afrika Mashariki. Mwanagenzi wa leo aijue historia hiyo kabla hajafunga tai. Mshahara wake utatoka kwenye aproni za akina mama wa sokoni.

Na zipo ziada nyingine ambazo haziko droo moja. Kila mwaka akaunti hulala kwa sababu mwenyewe amekufa, amehama, au amesahau. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inazitaka benki na kampuni zikabidhi mali kama hiyo kwa mamlaka maalumu ya mali ya kifedha isiyodaiwa, ili mwenyewe au warithi wake waje kuidai. Hapo taifa lilikubali kisheria kile ambacho msimamizi wangu alikisema kwa maneno manne. Lakini sheria haiwezi kumfuata mtoto wa mchuuzi ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba mamake alikuwa na akaunti. Ewe msomaji, waandikie watoto wako mahali ulipoweka akiba yako, hata kama ni kidogo. Na wewe unayefanya kazi benki, ukiona akaunti imenyamaza, mtafute mwenyewe kabla sheria haijakulazimisha.

Nina neno pia kwa wanaoajiri wanagenzi. Katika nchi yetu vijana wengi hufanya kazi miezi kadhaa ofisini bila kulipwa hata nauli, kwa maelezo kwamba wanapata uzoefu. Wanapanga faili, wanahudumia foleni, wanapokea simu, na kazi yao inaonekana katika faida ya mwisho wa mwaka. Kazi hiyo nayo ni ziada, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Kijana wa Majengo au Shauri Moyo ambaye mzazi wake hawezi kumpa nauli na pesa ya chakula huiacha nafasi hiyo, ikachukuliwa na mwenye uwezo, kisha tunajiuliza kwa nini sekta ya fedha haiwafahamu watu wa soko. Njia mbadala si ndoto. Tangu 1998 Equity imekuwa ikiwachukua wanafunzi waliofanya vyema katika mtihani wa KCSE, ikiwapa kazi katika matawi kabla ya chuo kikuu na kuwalipa. Mpango huo ni wa wale waliong'ara. Natamani siku ambapo kijana aliyepata alama ya wastani, lakini ambaye tangu utotoni amemsaidia mamake kuhesabu mauzo na kurudisha chenji sahihi, atapewa nafasi hiyo hiyo na ujira wa haki.

Kwa hiyo nawajibu vijana wanaoniuliza. Nendeni. Jifunzeni riba na mizania, fanyeni mitihani ya uhasibu ya KASNEB, ulizeni maswali mpaka wawachoke. Lakini muwe macho zaidi siku hesabu itakapozidi mikononi mwenu na hakuna mwingine atakayejua. Mtakapokuwa mameneja, mawaziri au wenye biashara, droo zitakuwa kubwa na mashahidi watakuwa wachache. Anayemtafuta mwenye shilingi elfu moja leo ndiye atakayeaminika na mabilioni ya nchi kesho, na nchi hii inamhitaji mno.