Kinyongo na Dumu la Maji

Mwaka 2015, wenzetu wa Burundi walipoingia kwa wingi hapa Nyarugusu, foleni ya bomba ikawa ndefu mno. Siku moja mama mmoja alisogeza dumu langu nyuma, akaweka lake. Tukagombana, yakaisha. Yakaisha wapi! Miaka mitatu sikuitika salamu yake.

Hasira hupoa yenyewe, lakini kinyongo lazima ukilishe. Mimi nilikilisha kila asubuhi nikimwona. Halafu usiku mmoja nikajiuliza: hivi dumu la lita 20 linaweza kuwa zito namna hii? Kumbe nilikuwa nimembebesha yule mama madeni ya watu wengine. Waliotuchomea nyumba kule Kivu ya Kusini mwaka 1996 siwafikii. Yeye alikuwa karibu.

Ninyi wa mashirika mnatuambia tusamehe ili tupumzike. Asanteni, ila wale wa Kivu sijawasamehe. Jean Améry, aliyenusurika Auschwitz, alitetea kinyongo chake kwa maandishi. Alikataa kwamba muda peke yake ulifute kosa, wakati aliyetenda hajasimama akalikiri. Hapo niko naye. Mkimbizi naye ni mdai. Lakini kumdai mtu ambaye hakukopa, tena naye kakimbia kwake kama mimi, hiyo ni dhuluma nyingine, na hiyo ni yangu.

Asubuhi yake, pale bombani, nikamwambia, "Mama, amahoro."

Akanitazama sana. Kisha akauliza dumu langu liko wapi.